Mwandishi wa riwaya za Kipunjabi si lazima awe Singasinga wa India

Wengi wakisikia riwaya ya Kipunjabi wanadhani moja kwa moja mwandishi ni Singasinga kutoka India, na inaeleweka kabisa maana huku kwetu Wapunjabi tuliowazoea tangu enzi za kujenga reli ya Mombasa wengi ni Masingasinga. Lakini wasemaji wengi zaidi wa Kipunjabi wako Pakistan na wengi wao ni Waislamu, sensa ya India ya 2011 ilihesabu milioni 33 hivi, ya Pakistan ya 2017 ikapata kama milioni 80.

Mwaka 1947 mkoa wa Punjab uligawanywa kati ya India na Pakistan, kwahiyo utakuta mwandishi kazaliwa sehemu ambayo leo ni Pakistan, akakimbilia Delhi au Amritsar na familia yake, halafu maisha yake yote anaandika kuhusu kijiji asichoweza kurudi, na hapo kumuita wa India tu au wa Pakistan tu ni kumkata nusu jamani.

Kucheki mwandishi ni wa upande gani ni rahisi. Angalia jalada la kitabu cha lugha yenyewe, herufi zikining'inia kwenye mstari wa juu kama nguo kwenye kamba huo ni mwandiko wa Gurmukhi wa upande wa India, ikiwa maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto yanafanana na Kiarabu huo ni mwandiko wa Shahmukhi wa Pakistan. Kama ni tafsiri, fungua kurasa za mwanzo uone imetafsiriwa kutoka lugha gani, maana Wapunjabi wengi wanaandika kwa Kiurdu, Kihindi au Kiingereza. Na ukisoma wasifu wake, linganisha mji aliozaliwa na ramani ya kabla ya 1947.