Je, Mchoro wa Kale Unawezaje Kutembea Ukutani?

Ukitoka mjini Kumi, mashariki mwa Uganda, ukashika njia ya Ngora, hufiki mbali kabla ya kukutana na majabali ya Nyero. Humo mapangoni kuna miduara, mmoja ndani ya mwingine, mingine myeupe, mingine myekundu, pamoja na maumbo marefu ambayo baadhi ya watafiti huyaona kama mitumbwi. Leo mchoro kama huo unaweza kuingizwa kwenye kompyuta, ukatoka ukijaza kuta za chumba kizima huku ukicheza mbele ya macho yako. Hufanyikaje?

Tuanze na kazi iliyowashangaza wengi. Mwaka 2010, kwenye maonyesho ya dunia mjini Shanghai, Wachina walichukua gombo la hariri lililochorwa na Mchina Zhang Zeduan, enzi ya ukoo wa kifalme wa Song. Gombo lenyewe lina urefu wa mita 5 na kidogo, na kimo cha sentimita 25 hivi. Wao walilikuza likawa ukuta wa mita 128, likamulikwa na projekta 12. Watu wakatembea, mashua zikapita mtoni, usiku ukaingia na taa zikawaka.

Mchoro hupigwa picha kali sana, kisha hukatwa katika matabaka: mtu peke yake, daraja peke yake, maji peke yake. Hapo ndipo jasho linapotoka. Mchoraji wa kale alichora kile tu kinachoonekana. Mwondoe mwenye punda darajani, na pale aliposimama panabaki tundu tupu. Lazima mtu azichore mbao za daraja zilizokuwa nyuma yake, kwa wino na mkono unaofanana na wa mwenye kazi. Mwenye punda akigeuka, mkono wake uliojificha nyuma ya mwili nao sharti uwepo. Baada ya hapo huwekewa viungo vya kukunja goti na kiwiko, na kompyuta hutoa fremu, yaani picha moja moja, kwa kawaida 24 kila sekunde, zinazotofautiana kidogo tu. Ubongo wetu ndio unaoziunganisha zikawa mwendo.

Ukutani, picha za projekta jirani hulaliana pembeni na mwanga hupunguzwa pale zinapokutana, la sivyo utaona mistari ikikata picha.

Nyero ina ugumu wake. Rangi imefifia, ingawa programu ya DStretch huweza kutenganisha wekundu ambao jicho halioni tena. Jiwe nalo lina mabonde, kwa hiyo hupigwa picha nyingi kutoka kila pembe ili kompyuta ijenge umbo lake lote.

Lakini nini kisogee? Miguu ya watu wa Zhang inaonyesha wanakoelekea, mduara hausemi. Ukiuzungusha kama gurudumu, umeshaamua maana yake kwa niaba ya waliouchora, wanaodhaniwa kuwa wawindaji, kabla Waiteso, wenyeji wa leo, hawajafika huko. Naona hiyo ni kuwavunjia heshima. Afadhali mwamba utulie, mwanga ndio utembee juu yake kama jua kutwa nzima, na rangi zilizofifia zijitokeze moja baada ya nyingine. Kwa kazi hiyo kamera nzuri na mpiga picha mvumilivu vinatosha kuanzia, na hakuna haja ya mtu kuligusa jiwe wala kulilowesha maji.