Je, wajua kwa nini jibu hukujia mara tu unapotoka kwenye mtihani?

Karatasi zimekusanywa, msimamizi amezihesabu, mlango umefunguliwa. Hata hamjafika mbali, mtu anauliza: "Lile la njegere umeandika ngapi kwa ngapi?" Mmoja anajibu 3:1. Wa pili anashika kichwa, kwa sababu yeye ameandika 1:2:1. Wa tatu hata hawasikii. Neno alilolitafuta muda wote wa mtihani wa baiolojia, meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotengeneza seli za uzazi), limemjia sasa hivi, na anaona kama ubongo wake umemchezea shere.

Haukumchezea. Neno lilikuwamo kichwani tangu mwanzo. Kilichokuwa kigumu ni kulitoa.

Mwili ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli kwenye damu. Homoni hiyo hufika mpaka kwenye ubongo, kwenye sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo hushughulika na kumbukumbu na ina vipokezi vingi vya kotisoli. Mwaka 2000 mtafiti Dominique de Quervain na wenzake waliwapa watu wazima wenye afya njema vidonge vya kotisoni, ambayo mwili huigeuza kuwa kotisoli. Waliomeza saa moja kabla ya kuulizwa maneno waliyojifunza siku iliyotangulia walikumbuka maneno machache. Waliomeza kabla ya kujifunza, au mara tu baada ya kujifunza, hawakupata tatizo hilo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesoma vizuri anaweza kukwama kweli, wala hasingizii anaposema, "Nililijua!"

Hata hivyo, kotisoli peke yake haielezi kwa nini jibu lije pale pale nje ya mlango. Homoni hii haiondoki kwenye damu kwa dakika moja. Huchukua muda mrefu kushuka. Kinacholegea haraka ni wasiwasi wenyewe. Tunapofikiri, huwa tunashika mambo machache tu akilini kwa wakati mmoja. Ukiwa unahesabu dakika zilizobaki, unamtazama jirani aliyeomba karatasi ya ziada, na unawaza nyumbani watasemaje, nafasi inayobakia kwa ajili ya swali ni finyu. Ukishakabidhi karatasi, hayo yote huachiliwa kwa mpigo.

Kuna pia tatizo la neno jirani. Anayetafuta meiosisi hupata mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli. Anaisukuma pembeni, inarudi. Anajaribu tena, ni ileile, na kila inaporudi inazidi kuziba njia. Roger Brown na David McNeill walichunguza hali hii mwaka 1966 kwa kuwasomea wanafunzi maana za maneno adimu na kuwaomba wayataje. Wengi waliokuwa na neno kwenye ncha ya ulimi waliweza kusema linaanza na herufi gani, au lina silabi ngapi, ingawa neno lenyewe liligoma. Dawa yake mara nyingi ni kuliacha. Ukigeukia jambo jingine, lile neno jirani hupoa, na mwenzako akitaja tu "seli za uzazi", njia inafunguka.

Basi kwa nini tusiende zetu kupumzika? Kwa nini lazima tuulizane? Sababu moja ni kwamba akili haipendi kazi iliyokatwa katikati. Bluma Zeigarnik, aliyefanya utafiti wake Berlin, aliandika mwaka 1927 kwamba watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza. Waliorudia jaribio lake baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Lililosimama imara zaidi ni la Maria Ovsiankina, aliyeonyesha mwaka 1928 kwamba mtu aliyekatizwa kazi huirudia mwenyewe akipata nafasi, hata asipoambiwa. Swali uliloliacha nusu ni kazi ya namna hiyo. Karatasi imekwenda, lakini wewe bado unalijibu.

Sababu ya pili ni kwamba matokeo hayapo. Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba mtu anapokosa kipimo cha hakika, hujipima kwa watu wanaofanana naye. Nje ya chumba cha mtihani hakuna kipimo kingine isipokuwa wenzako, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa maana kipimo hicho ni kibovu kuliko tunavyodhani.

Turudi kwenye njegere. Gregor Mendel, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1866, alikutanisha mimea mirefu na mifupi. Kizazi cha kwanza chote kilikuwa kirefu. Alipoiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, alipata mirefu 787 na mifupi 277, karibu 3 kwa 1. Ukiandika jeni zake, yaani vibeba sifa za urithi (T ya urefu, t ya ufupi), Tt kwa Tt, unapata TT moja, Tt mbili na tt moja, yaani 1:2:1. Ukitazama mimea kwa macho, TT na Tt zote ni ndefu, kwa hiyo unaona 3:1. Wanafunzi wawili wanaobishana wanaweza wote kuwa wametaja uwiano ulio sahihi. Cha kuamua ni kama swali liliuliza sifa zinazoonekana au jeni zilizo ndani, na katika ubishi ule ni nadra mtu kukumbuka maneno kamili ya swali.

Badala yake, wengi hushinda. Watatu wakisema 1:2:1, wa 3:1 hunyamaza na moyo wake hudunda. Solomon Asch alilionyesha hili miaka ya 1950 kwa mistari iliyochorwa kwenye kadi: watu walipoulizwa mstari upi unalingana na upi, huku wenzao waliopangwa wakitaja jibu lisilo sahihi kwa sauti moja, takriban theluthi moja ya majibu yao yalifuata kosa la kundi. Watu watatu walitosha kuleta shinikizo hilo. Na ile ilikuwa mistari inayoonekana wazi, sembuse jenetiki.

Lipo jingine ambalo naliona kubwa kuliko yote, na halisemwi vya kutosha. Maswali ambayo kila mtu aliyapata hayazungumzwi. Hakuna anayetoka mbio kuuliza usanisinuru hutumia gesi gani. Mazungumzo huchagua maswali yenye utata tu, kisha unaondoka ukidhani mtihani mzima ulikuwa hivyo. Huzuni ile imejengwa juu ya maswali manne au matano.

Vivyo hivyo na kilio cha "ningeacha jibu langu la kwanza!" Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha uchunguzi wa karatasi za wanafunzi 1,561, wakihesabu majibu yaliyofutwa kwa raba. Asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kosa kwenda sahihi, asilimia 25 yalitoka sahihi kwenda kosa, na yaliyobaki yalitoka kosa kwenda kosa. Kubadilisha kulisaidia mara mbili zaidi ya kulivyoumiza. Lakini jibu sahihi ulilolishika kisha ukalifuta huuma sana, na linalouma ndilo linalokumbukwa.

Je, basi kulinganisha majibu hakuna faida? Ipo, na ni kubwa, ila inataka kitabu kiwepo. Mwaka 2001 Brady Butterfield na Janet Metcalfe waliwauliza watu maswali ya maarifa ya kawaida, wakawaomba waseme wana uhakika kiasi gani, kisha wakawapa majibu sahihi. Walipoulizwa tena, makosa waliyokuwa wameyatolea uhakika mkubwa ndiyo yaliyosahihishwa zaidi. Aliyekuwa tayari kuapa kwamba kila ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, hubeba damu yenye oksijeni nyingi, akafungua kitabu na kukuta ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo kutoka kwenye moyo, hashtuki bure. Mshtuko huo hulikaza jibu sahihi. Kwa hiyo fungueni kitabu siku hiyohiyo, wakati bado unakumbuka ulichoandika na kwa nini.

Isipokuwa kama karatasi ya pili inaanza baada ya muda mfupi. Hapo ni afadhali ubishi usubiri, maana wasiwasi utakaouokota hapo nje utaingia nao ndani. Gerardo Ramirez na Sian Beilock waligundua, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011, kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla tu ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Chukua kipande cha karatasi, uandike kinachokutisha, ukiache nje, uingie.