Milima ya Hong Kong haina geti: yafahamu haya kabla ya kupanda

Maonyesho ya biashara ya Canton hufanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Kila msimu, dawati letu la huduma kwa wasafiri hupokea malalamiko yaleyale kutoka kwa wafanyabiashara wanaomalizia safari kwa siku mbili tatu Hong Kong: faini ambazo hawakuzitarajia, na giza lililowakuta milimani. Tunafurahi kuona watu wetu wanatoka kwenye maduka ya Nathan Road na kwenda kutembea. Takriban asilimia 40 ya ardhi ya Hong Kong ni hifadhi za asili, na kiingilio hakuna.

Mtu aliyepanda Kilimanjaro amezoea geti. Ameandikishwa jina, ana mwongozaji mwenye leseni, ana wapagazi, na akichelewa kushuka lazima aulizwe. Hong Kong unashuka basi, unaona kibao, unapanda. Hakuna daftari wala mtu anayejua kwamba uko mlimani. Ndiyo maana tunasisitiza umwachie mtu wa gesti, au mwenzako wa safari, jina la njia unayopita na saa unayotarajia kurudi.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, hawezi kutishwa na Tai Mo Shan, mlima mrefu kuliko yote Hong Kong wenye mita 957. Hoja hii tunaomba iachwe kabisa. Hatari ya milima ile haitokani na urefu. Inatokana na joto lenye unyevu mwingi, makorongo yanayojaa maji ghafla, kingo za majabali ambako watu husogea ili wapige picha, na giza. Kwetu jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima. Kule mwezi Juni huzama baada ya saa 1 usiku, lakini mwanzoni mwa Novemba, maonyesho yanapofungwa, huzama kabla ya saa 12 jioni. Anayeanza kupanda saa 9 alasiri amechelewa. Beba tochi na angalau lita mbili za maji.

Kando ya njia kuu kuna nguzo fupi zenye herufi na namba. Njia ya MacLehose ina urefu wa kilomita 100, na nguzo zake zinaanzia M001 hadi M200, moja kila baada ya mita 500. Njia ya Hong Kong ina herufi H, ya Lantau L, ya Wilson W. Piga picha ya kila nguzo unayoipita. Ukipata ajali, piga 999 na usome namba ya nguzo ya mwisho uliyoiona; waokoaji watajua pa kuanzia. Kusema "nipo karibu na mti mkubwa" hakumsaidii mtu yeyote. Mtandao wako ukikosekana, jaribu 112, ambayo inaweza kupita kwenye mtandao mwingine wowote uliopo hapo. Tahadhari ya mvua ina rangi tatu: njano ni mvua inayozidi milimita 30 kwa saa, nyekundu 50, nyeusi 70. Ikitolewa yoyote kati ya hizo, usipande. Kama uko njiani, kaa mbali na mikondo ya maji. Ishara namba 8 ya kimbunga ikipandishwa, usafiri wa umma huanza kusimama.

Sasa faini. Kila aliyefikisha umri wa miaka 15 anatakiwa kutembea na kitambulisho, na kwa mgeni kitambulisho hicho ni pasipoti yenyewe. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi, hata ukieleza kwamba uliogopa wezi. Kutupa taka au kutema mate hadharani ni dola 3,000 za Hong Kong, sawa na dola 385 hivi za Marekani. Unapewa notisi papo hapo, na una siku 21 za kulipa. Wapo wanaotuandikia kwamba hawakuona pipa la taka. Ni kweli, mapipa yaliondolewa kwenye njia za milimani kufikia mwisho wa 2017, kwa makusudi, ili kila mtu ashuke na taka zake. Kulisha tumbili, nguruwe mwitu au hata njiwa wa mjini ni kosa: tangu tarehe 1 Agosti 2024 faini ya papo hapo ni dola 5,000 za Hong Kong, na shauri likifika mahakamani inaweza kufika dola 100,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Ndizi moja, ndugu msafiri. Tumbili wa hifadhi ya Kam Shan wanaujua mfuko wa plastiki wakiuona kwa mbali, kwa hiyo chakula kifiche ndani ya begi.

Jambo jingine linaloumiza wengi ni viza. Ukitoka Guangzhou kwenda Hong Kong umetoka China bara kwa taratibu za uhamiaji. Viza yako ikiwa ya kuingia mara moja, imekwisha, na mzigo wako uliobaki ghala la Guangzhou hutaweza kuufuata bila viza mpya. Isome kabla ya kupanda treni.

Chakula kisikutie hofu, ila uliza. Mafuta ya nguruwe huingia mahali usipotarajia: kwenye supu ya tambi, mboga za kukaanga, hata ukoko wa keki ndogo za mayai. Kwa Waislamu, msikiti wa Wan Chai una mgahawa ghorofa ya tano unaopika dim sum halali, yaani vitafunio vya Kichina vya kupikwa kwa mvuke. Vikapu vya mianzi huletwa mezani vikifuka mvuke, ndani yake kamba waliofungwa kwenye unga mwembamba unaoonyesha rangi yao ya waridi. Ndani ya Chungking Mansions, jengo la gesti na maduka lililoko Nathan Road, utapata chapati na mchuzi. Mwenye mzio wa karanga au kamba aandikiwe onyo lake kwa Kichina kwenye karatasi kabla ya kutoka gesti, aionyeshe kabla ya kuagiza.

Kwa anayeanza tunapendekeza njia ya mlimani iitwayo Dragon's Back. Panda basi namba 9 kutoka Shau Kei Wan, shuka To Tei Wan, anza asubuhi. Ni kilomita 8.5, karibu saa tatu za mwendo wa kawaida, bahari ikionekana chini yako kwenye mgongo wote wa mlima. Njia inaishia ufukwe wa Big Wave Bay, ambako utapata chakula na sehemu ya kuogelea. Bendera nyekundu ikiwa imepandishwa, usiingie majini.