Joto la yai la nyoka lipimwe pale yai lilipo

Wanaonieleza kuhusu mayai ya nyoka yaliyowaharibikia karibu wote huanza hivi: "Mashine ya kutotolesha ilikuwa inaonyesha nyuzi 31 muda wote." Siwabishii. Kuonyesha, ilionyesha. Lakini ilichopima ni joto la pale sensa yake, kile kidude kinachohisi joto, ilipofungwa, mara nyingi juu karibu na kifuniko, ilhali mayai yako chini, ndani ya kontena lililofunikwa, yamelala juu ya vemikulaiti, yale madini mepesi yanayoshika unyevu, yenye maji. Kati ya sehemu hizo mbili kukosana kwa nyuzi 2 ni jambo la kawaida kabisa, na zikielekea juu, nyuzi 2 zinatosha kukupa mtoto mwenye uti wa mgongo uliopinda.

Viwango vyenyewe havina ugumu. Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayefugwa kila pembe ya dunia, mayai yake nayaweka kwenye nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, na watoto hutoka baada ya siku 55 hadi 60 hivi. Pantherophis guttatus, nyoka mwekundu wa Marekani anayekula panya, anataka joto la chini zaidi, 26 hadi 29, na huchukua takriban miezi miwili. Usimpe huyu wa pili joto la yule wa kwanza. Na hakikisha kwanza kwamba nyoka wako ni wa kutaga. Kifutu, kwa mfano, hatagi, huzaa watoto hai.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba joto la kuzidi linaua haraka kuliko la kupungua. Yai likipoa, kiinitete, yaani mtoto anayekua ndani yake, hupunguza mwendo: moyo unapiga polepole, ukuaji unasuasua, na kama hali haikudumu, unachopoteza ni siku chache tu za kusubiri. Likipata joto kupita kiasi, kiinitete hudai oksijeni nyingi kuliko inayopenya kwenye ganda, na viungo vilivyokuwa vinajengwa hujengeka vibaya. Uti unajikunja, taya halifungi, macho yanatoka madogo. Yai la chatu likifika nyuzi 34 mimi tayari nimeshatafuta chanzo. Ndiyo maana nikilazimika kukosea upande mmoja, nachagua 31 badala ya 32. Jinsia haitabadilika kwa uamuzi huo, kwa sababu kwa nyoka hupangwa na kromosomu. Ni mamba na kasa wengi ambao kwao joto ndilo linaloamua.

Tazama mama mwenyewe anavyofanya. Chatu wa Burma hujizungusha juu ya mayai yake na kukaza misuli mara kwa mara, kama mtu anayetetemeka kwa baridi, mpaka mayai yanakuwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi kuliko hewa iliyomzunguka. Vipimo vya tabia hiyo vilichapishwa mwaka 1966 na vinasomwa hadi leo. Chatu wa kusini mwa Afrika, Python natalensis, ana njia nyingine: huota jua nje ya shimo hadi mwili wake ukakaribia nyuzi 40, kisha hurudi ndani kuyazungushia mayai ule mwili uliopata moto. Njia ni mbili, lakini kwa wote wawili joto linatoka kwenye mwili unaoligusa yai, na mama analihisi papo hapo. Mashine yetu haina ngozi hiyo, basi sensa ndiyo iwe ngozi yake.

Kwa hiyo mimi hupitisha sensa ya themostati, kifaa kinachodhibiti umeme ili joto libaki kwenye kiwango, kwenye tundu dogo la kontena la mayai na kuilaza ubavuni mwa yai, usawa wa katikati yake, isigusane na vemikulaiti yenye maji wala ukuta wa kontena. Pembeni naweka kipimajoto cha pili kisichohusiana na mashine, kile kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha siku nzima. Hicho cha pili ndicho ninachokiamini. Ukisoma saa mbili asubuhi utakuta 31.5 na kuridhika. Kumbukumbu itakuambia kwamba saa tisa mchana ilipanda hadi 34. Vipimajoto vyote viwili uvijaribu kwanza kwenye bilauri ya barafu iliyopondwapondwa na maji kidogo: visome 0. Kisichosoma 0, andika kinakosea kwa kiasi gani na ukibandike karatasi.

Mashine yenyewe iwashe wiki nzima kabla ya yai la kwanza. Chupa za maji zilizojaa, zikipangwa chini na pembeni, hushikilia joto ili lisipande na kushuka kila kifuniko kinapofunguliwa, na feni ndogo huondoa tabaka la moto linalojikusanya juu. Themostati ya kuwasha na kuzima inafaa, ila ile inayopunguza umeme kidogo kidogo kadiri joto linavyokaribia kiwango hutuliza zaidi. Vyovyote iwavyo, weka ya pili mfululizo na ya kwanza, umeme upite kwenye zote mbili, uitegee nyuzi 1 au 2 juu, ili ya kwanza ikikwama ikiwa imewaka, hii ikate umeme. Ukipata fedha ya kifaa kimoja tu cha ziada, nunua hicho.

Mashine ya kutotolesha vifaranga vya kuku hutumika pia, mradi usiiamini kama ilivyotoka dukani. Imetegwa karibu na nyuzi 37.5, joto ambalo litamaliza mayai ya nyoka. Kile kifaa cha kugeuza mayai nacho kitoe kabisa. Yai la kuku hugeuzwa. La nyoka hukaa lilivyotagwa, kwa sababu kiinitete hujishikiza upande wa juu na kugeuzwa kunaweza kukizamisha. Weka alama juu kwa penseli kabla hujalihamisha.

Kuna kipindi ambacho hata waliojipanga vizuri hushikwa: wiki za mwisho. Watoto wamekua, wanatoa joto lao wenyewe, na rundo kubwa la mayai yaliyogandana huweza kuwa na moto kuliko hewa ya kontena bila wewe kugusa kitu. Sensa iliyolala ubavuni mwa yai italiona hilo na kupunguza umeme yenyewe. Iliyo kwenye kifuniko haitajua. Wakati huohuo oksijeni inahitajika zaidi, basi fungua kontena kila siku kwa nusu dakika. Mayai yatabonyea kidogo, na wakati huo hilo si tatizo. Yakibonyea mapema, ujue yanakauka. Matone makubwa chini ya kifuniko maana yake ni kwamba kifuniko kimepoa kuliko mayai. Ongeza kihami, kitu cha kuzuia joto lisitoke, juu ya mashine badala ya kupandisha themostati.

Umeme ukikatika, usifungue kuchungulia. Funika mashine kwa blanketi, acha zile chupa zifanye kazi, na ikizidi saa kadhaa badilisha mbili tatu kwa maji ya uvuguvugu. Ya moto, hapana. Nimeona mayai mengi zaidi yakifa kwa huruma ya namna hiyo kuliko kwa baridi yenyewe.

Mtoto wa kwanza akichana ganda na kutoa pua, usishushe joto wala kupandisha. Atakaa humo siku moja au mbili akimalizia kiini, na ukimvuta unaweza kukikata kikiwa bado kimeungana na tumbo. Wenzake wanaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, na mashine ibaki kwenye kiwango kilekile hadi wa mwisho atoke.