Longyearbyen na Utqiagvik haziko mbali kama ramani inavyodai

Anayetazama ramani ya ukutani huiona Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, upande mmoja wa karatasi, na Utqiagvik, mji wa kaskazini kabisa mwa Alaska, upande wa pili, kisha huamini kuwa safari kati ya miji hiyo ni ya kuzunguka nusu ya dunia. Sivyo. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili, nao utapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini. Umbali wake ni takriban kilomita 3,400, ilhali kuufuata mstari wa latitudo ya Utqiagvik kuelekea mashariki au magharibi kungezidi kilomita 6,000.

Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, ndege ingetumia saa nne na robo hivi. Nasema ingetumia, kwa sababu hakuna safari ya moja kwa moja ya abiria: msafiri hushuka kusini hadi Oslo, huvuka Atlantiki, kisha hupanda tena kupitia Anchorage.