Umesoma dalili, hujajipima

Kaa kidogo Mwaloni Kirumba, au kwenye benchi la maabara yoyote hapa Mwanza, utamsikia mtu akisema: "Mimi nimeshajipima kwenye simu, ni UTI." Kesho ni taifodi, keshokutwa ini. Mkojo haujatolewa, damu haijatolewa, kilichotumika ni bando.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kujitambulia ugonjwa ni mtu kujiamulia anaumwa nini, bila mtaalamu, kwa kulinganisha anavyojisikia na maelezo aliyoyakuta mahali. Wala si jambo jipya. Zamani maelezo yalitoka kwa jirani au kwa shangazi, sasa yanatoka mtandaoni. Basi.

Shida yangu ni pale mambo matatu yanapofanywa kuwa kitu kimoja. Dalili ni kile unachokisikia mwilini na kukieleza. Kipimo hutafuta kitu mahususi: vimelea, mayai ya minyoo, sukari. Utambuzi ni uamuzi unaotoka baada ya kupanga magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hizo, kisha kuyaondoa moja baada ya jingine kwa maswali, kwa kukushika tumbo, kwa vipimo. Usiku ukiona taa ziwani unajua kuna wavuvi wa dagaa. Mtumbwi ni wa nani, taa haikuambii. Dalili nazo hukomea hapo.

Chukua kichocho, maana ni ugonjwa wetu wa huku. Ukikitaja, wengi wanawaza kukojoa damu, na ukurasa utakaofungua huenda ukasema hivyo hivyo. Kijana anayevuta nyavu Igombe anasoma, anautazama mkojo wake, msafi kabisa, anajiondolea kichocho. Kumbe kichocho cha ufukweni mwa ziwa hili kwa sehemu kubwa ni cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, mayai hutoka kwa choo kikubwa, na yasiyotoka huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, ini linaota makovu. Mtu anaweza kukaa nacho miaka analalamikia tumbo na kuharisha kunakokuja na kuondoka, mpaka siku anatapika damu. Kile cha kukojoa damu ni mnyoo mwingine, unaoenezwa na konokono mwingine, na utaukuta zaidi huko ndani Usukumani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga kama ya Kwimba. Dawa ni moja, prazikwanteli, ila kipimo si kimoja: cha ziwani hutafutwa kwenye choo, cha malamboni kwenye mkojo, tena mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kukudanganya. Na ukurasa haukukuuliza unaoga wapi, ijulikane ni kichocho kipi.

Upande wa pili upo pia. Mgonjwa wa kifua kikuu ameanza dawa, anaona mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea, anasoma, anajiona figo zinavuja damu. Ni rifampisini tu, mojawapo ya dawa hizo, inatia rangi mkojo, hata machozi.

Tena hata kipimo cha kweli, peke yake, hakijawa utambuzi. Kile cha haraka cha malaria, cha tone la kidoleni, kinanasa protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Ukijichoma mwenyewe siku chache baada ya kumaliza dawa mseto, mstari wa pili ukatokea, utatangaza malaria sugu. Daktari atakuuliza kwanza dawa ulimeza lini, halafu atataka damu itazamwe kwa hadubini.

Kinachofuata baada ya "nimejipima" ndicho kinachowasumbua watu wa maabara. Mtu anaingia duka la dawa na jina la ugonjwa mkononi, anapewa sipro, dawa ya kuua bakteria, anameza mbili tatu, haoni nafuu, ndipo anakwenda hospitali. Mkojo ukioteshwa maabara kutafuta bakteria, huenda bakteria wasiote kwa sababu ya zile mbili tatu, na tatizo bado lipo.

Sisemi watu wasisome. Someni, na mkifika kwa daktari mwambieni mlichosoma, wala msione aibu. Kuna waliowahi hospitali kwa sababu tu walisoma. Ila useme "nahisi ni UTI", si "nimejipima", na kabla ya jina la ugonjwa mweleze tumbo lilianza kusokota lini, umeshameza nini, na kama huwa unaingia ziwani.