Kivuli wazi: maana yake katika picha za familia zenye watoto wadogo

Kivuli wazi, kwa wapiga picha, ni mahali ambapo miale ya jua haifiki moja kwa moja lakini sehemu kubwa ya anga inaonekana. Anayesimama hapo hachomwi na jua, ila uso wake unapokea mwanga wa mbingu, wa mchanga, wa ukuta uliopakwa chokaa na wa kila kitu kilicho juani mbele yake. Maneno hayo mawili ni masharti mawili. Pakifunikwa pande zote, hicho ni kivuli kizito, sawa na chumba kilichofungwa madirisha. Pakiwa wazi bila ya kufunikwa, hapo ni juani.

Dhana hii inamfaa zaidi mtu anayepiga picha kwa mapenzi yake tu, mwenye kamera ya kawaida au simu, ambaye ameombwa na jamaa zake awapige picha ya nje pamoja na watoto wao, na ambaye hana taa wala mtu wa kumshikia kitambaa cha kuakisi mwanga. Kwake yeye kivuli wazi ndiyo studio, na kwa hali ya jua la Unguja na Pemba sioni studio nyengine ya bure inayokishinda.

Mji wa Zanzibar uko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na Pemba kiasi cha nyuzi 5. Kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika siku za mwanzo za Oktoba, na hata miezi iliyobaki halishuki sana wakati wa adhuhuri. Mwanga unaotoka juu namna hiyo huyajaza macho giza, huweka kivuli cha pua juu ya mdomo, na hung'arisha paji la uso likawa kama limepakwa mafuta. Mtu mzima anaweza kuambiwa afumbue macho akavumilia kwa sekunde tatu. Mtoto wa miaka miwili hukunja uso, hugeuka, na mara nyengine hulia, na hapo hakuna picha tena.

Wengi waliojifunza kwenye mafunzo ya kigeni watasema dawa ni kungoja saa ya mwisho kabla ya jua kuchwa, inayoitwa saa ya dhahabu. Ushauri huo ni mzuri, lakini umetungwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Kwetu jua hushuka karibu wima, kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa, hivyo nyuzi 6 za mwisho humalizika kwa dakika 25 hivi, wakati mjini London mwezi wa Juni safari hiyo hiyo huchukua karibu mara mbili ya muda huo. Dakika 25 ni chache kwa familia yenye watoto watatu, ambao mmoja wao lazima atavua kiatu. Isitoshe, alasiri watoto wengi wako chuoni wakisoma Kurani, na inapokaribia adhana ya magharibi wazee hutaka watoto wawe ndani. Nimewahi kupanga picha ya jioni, na bibi wa nyumba akawaita wajukuu zake ndani pale pale nuru ilipokuwa nzuri kuliko wakati wowote. Sikuwa na la kusema, maana haki ilikuwa yake.

Kivuli wazi hakikungojeshi. Saa tatu asubuhi ya Sikukuu, watu wametoka kusali, kanzu bado safi na nywele bado zimechanwa, kinapatikana karibu kila nyumba. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kusimama ndani yake, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtu husikia neno "kivuli", akaiweka familia chini ya mwembe katikati, karibu na shina, akashangaa picha ikitoka nyeusi na yenye kufifia. Mahali penye faida ni ukingoni, hatua moja au mbili ndani ya mstari unaogawanya kivuli na jua. Familia huelekeza nyuso zake upande ulio wazi, na migongo upande wa kivuli kirefu. Mpiga picha husimama karibu na mstari huo au juani kabisa, akitazama ndani. Akifanya kinyume, akasimama kivulini na kuwatazama watu ambao nyuma yao kuna mchanga unaowaka jua, kamera itachagua kimoja: ama nyuso ziwe nyeusi, ama nyuma kuwe kweupe pasipo na kitu.

Kuna jaribio jepesi la kuupata upande wa mwanga. Nyosha ngumi yako mbele ya uso, kisha zunguka taratibu mahali hapo hapo huku ukiitazama. Utaona upande mmoja ngumi iko bapa na giza, na upande mwengine vifundo vimepata nuru laini vyote. Ukifika hapo, mwanga unatoka upande ulio nyuma ya mgongo wako. Huko nyuma yako ndiko nyuso za watu zitazame. Alama nyengine iko ndani ya macho ya mtoto: ukiona kimeta cheupe juu ya mboni, anga inaingia machoni mwake na mahali ni sawa. Macho yakiwa hayana kimeta, msogeze mbele kidogo.

Mji Mkongwe unaonekana kuwa na kivuli kila mahali, na kwa sababu hiyo humdanganya mgeni wa kazi hii. Katika uchochoro mwembamba wenye nyumba za ghorofa pande mbili, anga inayoonekana ni utepe tu juu ya kichwa, kwa hiyo mwanga unashuka kutoka juu na macho yanaingia shimoni vile vile, ingawa jua halipo. Pazuri zaidi ni katika daka la mlango, yaani ile nafasi yenye dari iliyoingia ndani mbele ya mlango. Dari ya daka huzuia mwanga wa juu, mwanga uliobaki huja kutoka mbele, na ukuta wa chokaa wa nyumba ya pili, ukiwa umepigwa na jua, hugeuka taa kubwa laini. Baraza nayo ina faida yake: mtoto akikaa barazani, uso wake unafika usawa wa mama aliyekaa kando yake, na mpiga picha akichutama anawatazama wote bila ya kuwaangalia kwa juu.

Pwani ni jambo la upande gani na saa ngapi. Paje na Jambiani ziko mashariki mwa Unguja, kwa hiyo baada ya alasiri jua huwa nyuma ya nyumba, kivuli chake huanguka kuelekea baharini, na aliyekaa mbele ya nyumba anatazama mchanga mweupe na maji, ambavyo vyote vinamrudishia mwanga. Forodhani ya Mji Mkongwe iko magharibi, hivyo mambo hugeuka: pazuri ni asubuhi, pale kivuli cha kuta za Ngome Kongwe kinapoelekea bustanini. Minazi siitegemei hata kidogo. Kivuli chake ni michirizi, na mchirizi mmoja wa jua juu ya shavu la mtoto unatosha kuiharibu picha nzima.

Miembe nayo hutoboka. Yale madoa ya jua yanayocheza chini yake karibu yote ni ya mviringo hata kama matundu baina ya majani si ya mviringo, kwa sababu kila tundu dogo linatupa taswira ya jua lenyewe. Ndiyo maana siku jua lilipopatwa, tarehe 1 Septemba 2016, mahali ambapo lilifunikwa upande mmoja tu madoa hayo yaliumbika kama mwezi mwandamo. Ni jambo la kupendeza kulitazama, lakini si la kuliweka usoni mwa mtu. Kama doa limeangukia bega, isogeze familia yote badala ya kumwambia mtoto asitikisike. Mkarafuu wa Pemba una majani mazito zaidi, na kivuli chake hakitoboki sana, ila huwa kizito upesi, hivyo sheria ya ukingoni inahusika zaidi huko.

Msimu pia una neno lake. Tangu Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, na katikati ya kipindi hicho, Juni na Julai, ukuta unaotazama kusini haupati jua kutwa nzima. Disemba na Januari ni ukuta unaotazama kaskazini. Ukiyalinganisha hayo na pepo, utaona kuwa wakati wa kusi kivuli kiko upande wa kusi, na wakati wa kaskazi kiko upande wa kaskazi, yaani kivuli na upepo hukaa pamoja. Mwenye khanga au ushungi mwepesi aambiwe mapema aje na pini. Upana nao haulingani: ukuta wa mita 3 adhuhuri ya Juni hutoa kivuli cha takriban mita 1.7, na Disemba hakifiki hata mita moja, ambacho ni kidogo kwa familia ila kinamtosha mtoto mmoja na baba yake.

Katika kamera, kivuli wazi kina mwanga wa kiasi cha moja ya nane ya ule wa jua kali. Kipimo cha kuanzia ni tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaingiza mwanga, 1/400 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wake wa kuuhisi mwanga, 400. Tundu hilo linatosha kuwaonyesha vizuri watu waliokaa safu mbili zisizoachana sana, na kasi hiyo inamshika mtoto anayegeuza kichwa au kupunga mkono. Akianza kukimbia, pandisha shata hadi 1/800 na ISO hadi 800. Chembechembe kidogo kwenye picha hazimsumbui mtu yeyote. Mtoto aliyetoka ukungu husumbua. Mwenye simu aguse uso wa mtoto kwenye kioo ili simu ipimie mwanga hapo.

Rangi inahitaji uangalifu. Mwanga wa kivulini unatoka kwenye anga ya samawati, hivyo ngozi hutoka baridi, kama ya mtu aliyetoka kuoga maji ya kisimani; kamera nyingi zina mpangilio wa rangi wenye alama ya nyumba na kivuli, na huo huirudisha joto lake. Lakini hakuna mpangilio unaotibu rangi iliyotupwa na kitu cha karibu. Picha zangu za mwanzo za mpwa wangu nilizipiga ukingoni mwa migomba, na alipoziona nyanya yake aliuliza mtoto alikuwa anaumwa nini, kwa jinsi mashavu yalivyokuwa ya kijani.

Halafu kuna kanzu. Kamera hudhani kila picha ina wastani wa kijivu, kwa hiyo ikiona kanzu nyeupe tatu mbele yake hupunguza mwanga, na nyuso nyeusi za wenye kanzu hizo ndizo zinazolipa. Ongeza kiwango cha mwanga kwa alama moja, kisha tazama kama mshono wa darizi kwenye kofia bado unaonekana. Juani hesabu hii haitengenei, kwa kuwa umbali baina ya kanzu inayowaka na uso wenye vivuli ni mkubwa mno. Kivulini vyote viwili huingia.

Siku ya wingu la masika watu husema kivuli wazi kimeenea nchi nzima, na hilo si sahihi. Wingu hulainisha mwanga, lakini haliupi mwelekeo: bado unashuka kutoka juu, na macho ya watoto yanabaki na giza kama ya uchochoroni. Hata siku hiyo familia irudi chini ya kifuniko, kwenye daka au upenuni, nyuso zitazame nje.